Leso Ilikuwa na Mwenyewe

Funzi ni kisiwa kidogo. Ukikohoa usiku, asubuhi unapewa pole. Mamangu alikuwa na ugomvi wa miaka na jirani, na wakitupiana maneno kwa leso. Huyu avae yenye fumbo, apite polepole mlangoni kwa mwenzake. Yule naye akatafute leso ya kumjibu. Lilikuwa tusi, silipambi. Lakini mtusi alionekana. Hata leso yenyewe ilikuwa na mwenyewe: pembeni imeandikwa Mali ya Abdulla. Na jirani alipofiwa, mamangu ndiye aliyekwenda kumpikia.

Mwaka jana binti wa ndugu yangu alipigwa picha akishuka mashuani, ikatupwa kwenye ukurasa usio na jina, na maneno nisiyoyarudia. Wiki mbili hakuvuka kwenda shule. Aliyeandika alijua jina analoitwa nyumbani tu. Basi ni mwenzetu huyo, twapanda naye mashua moja kwenda Bodo.

Najua nitakaloambiwa: kujificha kunaokoa. Kweli. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina mkubwa wa polisi mtandaoni, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Anayemsema mwenye bunduki ana haki ya kujifunika uso. Lakini mtoto wa kidato cha pili ana bunduki gani?

Ati sheria ipo. Ipo: ile ya uhalifu wa mitandao ya 2018, inayomtisha mwenye kunyanyasa kwa faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10. Haya, twende kituoni tukamshtaki nani?

Mimi simtafuti tena. Nawatafuta walioicheka ile picha, maana hao walicheka kwa majina yao. Niliwahesabu, kumi na saba nawajua kwa sura: wavuvi, mama wawili wa chama chetu, kijana anayenikata nywele. Asiye na jina aliandika mara moja. Sisi wenye majina ndio tuliozungusha kisiwa kizima.

Nasema sisi. Usiku ule, kabla sijamtambua mtoto, niliituma kwa dadangu: "Umeyaona haya?"

Dadangu ndiye mamake.