Mzee Asiye na Ndugu Auguzwe Chumbani Mwake

Ndugu zangu wa Mpanda,



Nawaandikia kutoka Toronto, Kanada. Kazi yangu ni kuwahudumia watu waliolala barabarani miaka mingi, ambao sasa wamepewa vyumba, kila mmoja na ufunguo wake. Wengi wanakuja mwili umekwishachoka: ini, mapafu, saratani. Hospitali wanaiogopa, maana wamezoea kutazamwa vibaya. Kumtoa mtu kama huyo kwenye chumba alichokingoja nusu ya maisha, akafie kwa watu asiowajua, ni ukatili.

Mwaka 2014 daktari Naheed Dosani alianzisha hapa mpango uitwao PEACH. Madaktari na wauguzi wake humfuata mgonjwa alipo, awe chumbani au barabarani. Wanaleta dawa ya maumivu, na wanamuuliza mapema, angali na kauli: ungependa ufie wapi? Nani aitwe? Uzikwe vipi? Mara nyingi anayeitwa ni jirani wa mlango wa pili.

Kila nikisikia maswali hayo nawawaza wazee wetu. Mji wetu ni wa watu waliotoka mbali. Reli kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa, watu walibaki. Wengine walifuata dhahabu na tumbaku. Katika makazi ya Katumba wapo waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakiwa vijana. Leo baadhi ya hao wote wanazeekea kwenye chumba cha kupanga, ndugu hawajulikani waliko.

Niseme lililo moyoni. Sisi ni hodari wa kuzika. Mtu akifa, sanda inapatikana, jeneza linapatikana, chakula kinapikwa. Lakini wiki zile alizokuwa akihitaji kugeuzwa kitandani, kuogeshwa, kunyweshwa uji, nani alikuwa naye? Zile jumuiya ndogondogo za makanisa na misikiti zinazochangia msiba zinaweza kupanga zamu za kuuguza. Toronto hatuna vikundi vya majirani vya namna hiyo, ninyi mnavyo.

Halafu maumivu. Mofini ya maji, ya kunywa, si dawa ya kitajiri. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wamekuwa wakiichanganya kutokana na unga. Uganda, tangu 2004, wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, wanaruhusiwa kuiandika. Ikitolewa kwa kipimo haimuui mgonjwa, inamtuliza maumivu apate usingizi. Viongozi wetu waulizeni: hospitali ya rufaa ya mkoa inayo? Inamfikiaje mzee wa kata ya Nsemulwa asiyeweza kupanda bodaboda?

Wenyeviti wa mitaa, waandikeni wazee wanaoishi peke yao, na muwaulize yale maswali matatu kabla hawajalala kitandani. Wenye nyumba, msimtoe mgonjwa kwa deni la kodi. Tumeni habari zake kwetu tulio nje, kodi hiyo tutaichanga sisi.

Ndugu yenu,
Toronto