Malenga Kugeuka Ombaomba

Nimelinyamazia jambo hili kwa muda mrefu, maana sikutaka nionekane mzee mstaafu anayewaonea vijana gere kwa sababu ya simu zao. Sasa limezidi. Kila wiki namwona mtunzi mwenzetu, tena mara nyingine si mchanga, amejibanza chini ya picha ya mwanamuziki au mchekeshaji mwenye wafuasi mamilioni, anaandika: "Kaka, naomba unisambazie shairi langu, Mungu atakulipa." Ombi hilo hulirudia mara tatu, mara nne, katikati ya wauza mafuta ya nywele na watabiri wa mechi. Nasema wazi kwamba mwendo huu unautweza ushairi. Na hata tukiacha heshima kando, hauleti kile kinachotafutwa.

Sitajificha nyuma ya methali. Wako watakaonipigia makofi upesi na kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ushairi methali hiyo si kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840 bila kuacha diwani mikononi mwa mchapishaji yeyote. Beti zake zilibaki vifuani mwa watu hadi mwishoni mwa karne ile, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia mmisionari William Taylor kuzikusanya. Na kitabu chenyewe, kikiwa kimehaririwa na William Hichens, hakikutoka mpaka 1940. Pasingekuwa na wabebaji, leo tusingekuwa na Muyaka. Kwa hiyo nakubali kabisa kwamba shairi lahitaji wa kulibeba. Ninachouliza ni nani huyo mbebaji, na anapoondoka ameshika nini mkononi. Mwalimu Sikujua (jina hilo, na kumbe ndiye aliyejua!) alikuwa mtunzi mwenyewe. Alipolipokea shairi alilifahamu neno lake, kina chake na ugomvi uliolizaa. Mtu wa namna hiyo akikubeba, amebeba shairi.

Vijana hunijibu kwa jina moja: Kili Paul. Wanasema, mbona yule Mmaasai wa mkoa wa Pwani alitoka? Ni kweli alitoka. Mwaka 2021 yeye na dada yake Neema walifuatisha kwa midomo wimbo wa Kihindi wa filamu iitwayo Shershaah. Nyota wa filamu za India wakawasifu, na Februari 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja katika kipindi chake cha redio, na Ubalozi wa India nchini ukamtunuku kijana yule. Simnyimi haki yake. Lakini tutazame nyota wale walisambaza nini. Walisambaza wimbo wa kwao, walioujua kila neno, uliokwisha kupendwa na mamilioni kabla haujafika kwenye boma la Kimaasai. Walimwelewa kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. Shairi lako la tarbia, mishororo minne, mizani nane kwa nane, halina bahati hiyo. Halionekani kwa jicho, na nusu dakika hailitoshi. Mwenye kulipitisha bila kulisoma amepitisha jina lako tu, na shairi limebaki pale pale.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, jina lake nalihifadhi, alitunga beti 12 juu ya Mto Katuma. Tunaoishi huku tunaujua mto ule: ndio unaonywesha Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kiangazi maji yanapopungua viboko hubanana topeni kwa mamia, mgongo juu ya mgongo. Ulikuwa utunzi mzuri. Ubeti wa nne ulikuwa na mshororo uliopungukiwa mizani moja upande wa utao, lakini picha ya kiboko dume akigombea tope lisilomtosha mwanawe sijaisahau. Akamwomba msanii mmoja wa muziki, akaomba tena, akajibiwa. Ukurasa wa msanii ukaweka ubeti wa kwanza peke yake, juu yake picha ya msanii mwenyewe amevaa miwani ya jua. Nyoyo nyekundu zikamiminika. Kijana akaja barazani kwangu kunionyesha simu kwa furaha, nikamwomba anisomee walichoandika watu. Mmoja aliuliza bei ya miwani. Wa pili aliomba nauli. Wengine waliweka vinyago vya moto. Tulishuka mpaka kidole kikachoka, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuliza: mto gani?

Hilo ningelivumilia. Nisilolivumilia ni lile lililofuata. Shairi lake la pili lilikuwa na ubeti mmoja, kwa kuwa aliambiwa beti nyingi huwachosha watu. La tatu lilikuwa na jina la msanii yule ndani ya kituo. Mto ukapotea. Katika miezi michache mtunzi aliyekuwa na jambo la kusema akawa mpambe wa mtu ambaye, kwa nilivyoona, hakujua kama Katuma ni mto au ni mtaa.

Msomaji mjuzi ataniambia kwamba ushairi wetu umekula kwenye sahani za wakubwa tangu zamani, na kwamba Muyaka huyo huyo alikuwa mtu wa Wamazrui. Ni kweli. Lakini Wamazrui walizihitaji beti zake katika ugomvi wao na Lamu na Sayyid Said. Zilisemwa mbele yao na mbele ya adui zao, na zikajibiwa kwa beti. Mfadhili aliketi akasikiliza hadi kituo cha mwisho. Tena, hata mfadhili mwenye masikio ana hatari zake. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere, mshairi na mfasiri wa Shakespeare, aliwaomba washairi waeneze Azimio la Arusha. Nani atamzidi Rais kwa kusambaza? Mathias Mnyampala, fundi hasa, akazipa ngonjera umbo tulilolijua, na Ngonjera za UKUTA zikachapishwa 1970, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto waliosimamishwa mbele ya wageni, kaptula ya kaki, mkono juu, kuzighani. Kila shule ilikuwa na ngonjera zake, nyingi zikitungwa na walimu usiku wa kuamkia sherehe. Nazikumbuka kelele za makofi. Beti zenyewe, nikiondoa zile za Mnyampala, zimenitoka karibu zote.

Sasa mtazameni marehemu Euphrase Kezilahabi. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wanamapokeo walikuja juu. Walisema si ushairi. Vyuoni watu waligawanyika. Sisi wanafunzi wa ualimu tulilirithi zogo lile miaka kadhaa baadaye na tukakesha nalo. Mimi nilikuwa upande wa wanamapokeo, na bado niko huko. Lakini ili kumpinga Kezilahabi ilinibidi nimsome mstari kwa mstari, nitafute mahali pa kumshika. Mpaka leo namjua kuliko washairi wengi niliowaunga mkono. Wapinzani wake tulimbeba kwa kumsoma, na heshima ya namna hiyo haipatikani kwa kuombewa.

Najua kijana wa leo ana kilio cha haki. Kurasa za mashairi magazetini zimesinyaa. Mchapishaji akiona diwani huuliza kwanza kama imo katika orodha ya vitabu vya shule. Niliishi upande huo wa ukuta miaka yangu yote ya kazi, na nasema huko ndiko kuliko na wasomaji. Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib na Mashairi ya Chekacheka ya Theobald Mvungi zilifika katika madarasa ya sekondari ambako hakuna msanii aliyewahi kukanyaga. Ndiyo, wengi walizisoma kwa kuogopa mtihani. Hata hivyo nimekutana na wanafunzi wangu wa zamani katika soko la Mpanda, watu wazima wenye magunia ya mpunga, wakanitupia ubeti wa Wasakatonge bila kuombwa. Mwandishi mchanga anayesubiri jibu la msanii wa Dar es Salaam ana walimu wa Kiswahili katika shule iliyo karibu naye. Je, amewapelekea shairi lake hata mara moja?

Huku kwetu wamehamia Wasukuma wengi, na kwao kuna mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, karibu karibu, na ushindi huenda kwa manju aliyevuta watu wengi zaidi. Watu husema mamanju hutumia dawa ya kuvuta umati. Haya, na tuseme dawa ipo. Itakuleta uwanjani, lakini jua ni kali, na kundi la pili liko hatua chache tu kutoka hapo. Wimbo ukiwa mbovu miguu itahama. Mtazamaji yule husikia kwanza, ndipo huamua asimame wapi. Moyo mwekundu wa simuni hutolewa kabla ya kusoma, na mara nyingi badala ya kusoma.

Ninachowataka wenzangu wafanye ni kile cha zamani: kujibizana. Umeona shairi la mwenzio, usilipitishe kwa kidole. Lijibu kwa kina kile kile na mizani ile ile, likubali au ulikatae. Hutaweza kulijibu bila kulisoma, na atakayelisoma jibu lako atalitafuta la kwanza. Washairi wa magazetini walijuana hivyo, mtu wa Tanga na mtu wa Ujiji, bila kuonana uso kwa uso.

Shairi la Katuma nimelijibu kwa beti 12. Nimemwambia kijana wazi juu ya ule mshororo wa ubeti wa nne, na nimebishana naye kuhusu kiboko, maana mimi nimemtetea mkulima wa mpunga anayeyachota maji huko juu kabla hayajafika kwa mnyama. Amenijibu kwa hasira, beti 15, vina vyote vimetimia.