Ubingwa wa Gita Si Mbio za Vidole

Mabishano juu ya nani aliye bingwa wa gita hayakuanza jana wala hayatakwisha kesho. Hapa Kakamega, mji ambao nimekuwa nikija na kuondoka kwa kazi za gazeti, nimeyasikia kwenye stendi ya matatu, kwa vinyozi, na hata matangani. Mmoja atamtaja Franco Luambo Makiadi, aliyefariki mwaka 1989. Mwengine atasema Dokta Nico, na hapo sauti zitapanda. Kijana mwenye simu ya kisasa atamtoa Jimi Hendrix wa Marekani, na atakuonyesha ushahidi: jarida la Rolling Stone lilimweka wa kwanza katika orodha yake ya wapigaji gita mwaka 2003, likamrudisha pale pale mwaka 2011, na pale pale tena mwaka 2023.

Sina ugomvi na Hendrix, Mungu ampe alichostahili. Ugomvi wangu ni juu ya kipimo. Nikiwasikiliza vijana hawa kwa makini, naona kila sifa wanayotoa hurejea kwenye kasi. Fulani vidole vyake havionekani! Fulani anapiga kama cherehani! Ndugu msomaji, cherehani ni chombo kizuri sana, lakini sijapata kumwona mtu akilia machozi kwa kuisikia.

Mimi nilitiwa chuoni kabla ya kupelekwa skuli. Mwalimu aliyetusomesha Qur'ani hakumsifu hata siku moja mtoto aliyemaliza juzuu upesi. Alitega sikio asikie tunavyovuta madda, tunavyotia ghunna, na zaidi ya yote asikie tunaposita. Kusita pasipo mahali pake huigeuza maana, na bakora ilikuwa karibu kwa anayegeuza maana. Baadaye, nilipoingia katika utunzi, nikaikuta sheria ile ile imevaa nguo nyengine. Mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, lakini utamu wake unakaa pale katikati, kwenye kina cha mizani ya nane, ambapo msomaji huvuta pumzi na msikilizaji hungoja. Kwa hivyo nikitajiwa mpigaji gita, jambo la kwanza ninalouliza ni wapi anasita na anampisha nani. Mbio zake nitaziuliza baadaye, nikikumbuka.

Kwa kipimo hicho, Kakamega haina haja ya kuazima bingwa kutoka ng'ambo. George Mukabi alikuwa mtu wa Kisa, upande wa Khwisero, ndani ya kaunti hii hii. Wimbo wake wa "Sengula Nakupenda" uliingia katika nyumba ambazo hazikuwa na gita, na nyengine hazikuwa hata na gramafoni. Watu waliuchukua kwa midomo. Aliuawa mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, angali kijana. Namna yake ya kupiga inajulikana kwa jina la omutibo, na mpaka leo mzee wa Magharibi akisikia mipigo minne mitano ya kwanza hutambua mara moja kwamba hapo pana omutibo.

Basi omutibo ni nini? Ni kazi ya vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na kile kidole cha pili ambacho Waswahili tunakiita kidole cha shahada. Gita lenyewe ni gita kavu, lisilotiwa umeme, na aghalabu limefungwa kipande cha penseli shingoni ili kupandisha sauti. Gumba hushika nyuzi nene. Wanafunzi wengi hudhani kazi ya gumba ni kuhesabu tu, kama saa ya ukutani, na hapo ndipo wanapopotea. Gumba la Mukabi halihesabu. Linaruka mahali unapolitazamia, linaangukia mahali usipolitazamia, kisha linanyamaza kwa kitambo kidogo mno. Katika kitambo hicho shahada linapita kwenye nyuzi nyembamba na kusema neno lake. Likimaliza linanyamaza, nalo gumba linajibu. Ukiwa nje ya dirisha utaapa kwamba ndani mna watu wawili wanaozungumza, na kwamba wanaheshimiana.

Lakini hao si wawili, wanakwenda kuwa watatu na wanne. Kuna sauti ya mwimbaji, ambayo nayo yahitaji nafasi. Kisha kuna chupa ya Fanta, ile ya kioo ya zamani yenye matuta ubavuni, ambayo mtu huikwaruza kwa kipande cha chuma ikatoa mlio mkavu wa kuchezesha mabega. Walioisikia chupa hiyo ng'ambo waliisikia zaidi kwa Abana ba Nasery, kundi la Shem Tube na wenzake Justo Osala na Enos Okola kutoka Bunyore, jirani zetu wa Vihiga. Wao walifika mpaka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakarekodi huko pamoja na wanamuziki wenyeji. Nimesikiliza kazi zao mara nyingi, na kila mara nastaajabu kwamba magita mawili, chupa moja na sauti tatu hazikanyagani. Mtu mwenye papara angeliijaza nafasi yote peke yake, na chupa ingebaki chupa.

Wako watakaosema kwamba mtindo huu wote umetoka Kongo. Ni kweli nusu. Vijana waliorudi kutoka vita vya 1939 hadi 1945, na waliorudi kutoka kazi za mijini, walikuja na magita. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, na wimbo wa "Masanga" ukamfanya kijana yule wa miaka ishirini na miwili kuwa gumzo la Afrika nzima. Yeye na Edouard Masengo walifika hata Nairobi. Kila kijana mwenye gita alitaka kuwa Mwenda, wala sishangai. Mwenda alikuwa fundi wa kurudia jambo bila ya kulirudia: kila mzunguko alibadilisha kidogo, hata mtaalamu David Rycroft akaketi kuziandika nota zake moja moja na kuzichapisha katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962.

Hata hivyo Mukabi hakuwa kivuli cha Mwenda. Waluhya walikuwa na nyuzi kabla ya gita kuwafikia. Wabukusu wana litungu, na mpigaji litungu hujua tangu utotoni kwamba mikono miwili yaweza kusema mambo mawili kwa wakati mmoja. Jirani zao Wajaluo wana nyatiti, ambayo magita ya benga yaliifuata unyounyo. Gita lilipofika katika nchi hii lilikuta masikio yaliyokwisha kufunzwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo linalomtenga bingwa na fundi wa kawaida. Fundi hujua gita lake; bingwa hulifundisha gita lugha ya kwao, likasahau kwamba lilikuwa mgeni.

Nikitaja lugha, naomba niseme neno moja kama mtu wa Pwani. Kiswahili cha nyimbo hizi ni cha bara. Ngeli zinateguka, viambishi vinapotea njia, na mwalimu wangu wa sarufi angeliomba maji ya kunywa. Lakini sikiliza mizani! Neno huangukia pale pale panapostahili, halipungui wala halizidi, na gita halilifuniki hata herufi moja. Nimewasikia washairi wenye sarufi iliyonyooka kama mlingoti ambao hawajui kufanya hivyo.

Kwetu Pwani tulikuwa na Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, mmoja wa waliolitangulia gita la umeme katika nchi hii baada ya kuwatumbuiza askari wakati wa vita. Naye sifa yake ni hiyo hiyo, kwamba gita lake na sauti yake havikugombana hata mara moja. Na kwa anayedhani vidole vichache ni upungufu, amkumbuke Django Reinhardt wa Ufaransa, aliyeungua kwa moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikalemaa, akapiga ngoma zake za kasi kwa viwili vilivyobaki. Yeye alikuwa na kasi na alikuwa na subira, na ndiyo maana hatajwi kwa kasi tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini nikiulizia gita la omutibo, najibiwa kwa upole kwamba ngoma ni ya mababu, gita ni la Wazungu. La hasha! Taarabu yetu ina fidla iliyotoka Ulaya, ina kanuni na udi vilivyotoka Uarabuni, ina kodiani, na hakuna mtu mwenye akili timamu Mombasa au Unguja atakayesema taarabu si yetu. Kitu huwa chako kwa unachokitenda nacho. Kama tungelihukumu kwa asili ya mti na waya, tungelibaki na makofi na miluzi.

Waliolifahamu jambo hili mapema ni wageni. Mwaka 2017 kampuni za sahani za Marekani, Mississippi na Olvido, zilikusanya nyimbo za Mukabi na kuzitoa upya kwa jina la "Furaha Wenye Gita". Nawashukuru, maana bila wao vijana wengi wasingelisikia sauti hiyo ikiwa safi. Ila sahani hubeba mlio, haibebi mkono. Huwezi kusikia kama gumba limetokea juu au limekwaruza kwa ubavu. Huwezi kusikia kiganja kilichougusa uzi ili kuunyamazisha. John Low wa Uingereza alikuwa na sahani za Mwenda na Masengo, na bado mwaka 1979 alifunga safari mpaka Shaba kuwatafuta wenyewe. Elijah Wald wa Marekani naye alikwenda Lubumbashi kuketi na Mwenda, kabla ya Mwenda kufariki mwaka 1990. Watu hawa walikuwa na masikio mazuri na mashine nzuri, na wote wawili waliona ni lazima wakae ubavuni mwa mwalimu watazame vidole. Sembuse mtoto wa darasa la sita wa Butere!

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Kwa hivyo mlango wa kubisha unajulikana. Siombi jumba la makumbusho lenye utepe wa kukatwa na hotuba tatu; majumba hayo huzinduliwa vizuri na kufungwa kwa kufuli vizuri zaidi. Naomba wazee wanaopiga omutibo waandikwe majina yao, mmoja mmoja, kutoka Kisa mpaka Marama. Walipwe posho ya heshima kwa kila Jumamosi watakayoketi na watoto katika shule ya karibu. Na kila mzee apigwe picha za video, lakini si usoni kama tunavyopenda kufanya katika hafla, bali mkono wa kulia, karibu kabisa, kwa mwendo wa polepole na kisha mwendo wa kawaida. Simu ya mwalimu yeyote yaweza kazi hiyo. Gharama kubwa itakuwa nyuzi, maana nyuzi hukatika.

Watoto wenyewe wapo. Mwezi uliopita nilipelekwa kwa mzee mmoja upande wa Butere, ambaye hakutaka jina lake liandikwe gazetini na nimemwahidi hivyo. Alipiga kwa muda wa nusu saa barazani kwake, kuku wakipita miguuni. Kijana mmoja aliyeongozana nami, mpigaji wa bendi mjini, alilichukua gita akapiga haraka haraka, na kwa kweli alipiga vizuri. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akalitwaa gita, akarudia wimbo ule ule kwa nusu ya mwendo, na mara mbili aliliachia gumba likanyamaza kabisa. Mara ya pili kijana alicheka kwa sauti, kama mtu aliyepigwa chenga uwanjani, akasogeza kigoda chake karibu atazame.

Mzee huyo ana wanafunzi wawili. Mmoja ni mjukuu wake, na gita la mjukuu lina nyuzi tano.