Baba Hamsaidii Mama Kulea

Kabla mwanetu hajazaliwa, kila Jumamosi alfajiri nilitoka Bulla Pesa kwa baiskeli hadi Archers Post, nikijinoa kwa mashindano ya ridhaa. Sasa Jumamosi moja naenda, nyingine nabaki na mtoto, na majirani hunisifu kwamba "namsaidia" mama yake. Mimi ni mhadhiri wa isimu. Kitenzi hicho hunikera. Anayesaidiwa ndiye mwenye kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo humpa baba likizo ya wiki mbili tu. Yangu ilikwisha mara kitovu kilipoanguka. Mbona mke wangu akikesha na mtoto ili mimi nilale nijiandae kwa mbio, hakuna asemaye ananisaidia? Walimu wenzangu, hebu waulizeni wanafunzi wenu.