Karakana Zivutwe Moshi

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea vyuma katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2019 Uingereza ikakaza usimamizi: kwa anayechomelea ndani, madirisha wazi hayatoshi.

Karakana ya chuo ina wanafunzi wengi wanaochomelea kwa pamoja. Feni ya dari huusambaza moshi tu. Bomba la kuuvuta lazima likae karibu na cheche, liuchukue kabla haujafika puani. Kinyago cha kioo cheusi hulinda macho, si mapafu. Kuchomelea mabati yenye zinki huweza kuleta homa jioni ile ile, na vijana hupewa maziwa. Maziwa hayasafishi mapafu!

Wakuu wa vyuo vya ufundi, nunueni mitambo ya kuvuta moshi kabla ya kuongeza mashine za kuchomelea.