Kiingereza cha Mtihani Hakiuzi Karafuu

Wazee wenzangu wa Konde, mpaka lini tutanyamaza? Watoto wetu wanasomea uongozi wa biashara, wanarudi na majoho, tunapika pilau, tunapiga vigelegele. Na tunajua! Tunajua kuwa wengi wao hawawezi kumwandikia mteja barua ya Kiingereza ikasomeka.

Mficha maradhi kifo humuumbua.

Skuli ya msingi mtoto kafundishwa zaidi kwa Kiswahili. Sekondari, kitabu Kiingereza, mtihani Kiingereza, maelezo ya mwalimu Kiswahili. Chuoni hivyo hivyo. Afanye nini? Anakariri. Anashika madesa ya waliomtangulia, anayamwaga kwenye karatasi, anafaulu. Kiingereza cha mtihani!

Zamani tulisema chuo kiko mbali. Chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianza kufundisha 2001, leo kina kampasi hapa hapa Pemba. Kisingizio hicho kimekufa.

Meneja anahitaji nini? Kusoma mkataba mpaka yale maandishi madogo ya chini. Kumjibu mteja aliyekasirika. Kubishana bei kwa simu. Kumweleza mwekezaji hasara imetoka wapi. Nani anawafundisha hayo? Nani?

Tazama karafuu. Mtoto wa Konde kauparamia mkarafuu, kachuma, kachambua, kaanika jamvini. Shirika la biashara la serikali, ZSTC, linanunua, linauza nje. Huko kuna masharti ya ubora, bima, meli na malipo ya benki, na lugha yake ni Kiingereza. Pale karafuu inapogeuka dola, mtoto wetu hayumo!

Na hapa kwetu, Micheweni imetengwa kuwa eneo huru la uchumi. Wawekezaji wakija, meneja atatoka Nairobi au Moshi, wetu atabeba mabegi. Kisha jioni tutakaa barazani tukiwalaumu wageni. Wamekosa nini wageni? Waliolala ni sisi!

Wahadhiri, leteni mikataba ya kweli darasani. Pimeni barua, pimeni mazungumzo, kila semista, mpaka mwaka wa mwisho. Nanyi wanafunzi, mtaka cha mvunguni sharti ainame: tupilieni mbali madesa, someni, semeni, mkosee, mrudie.

Na wewe mzazi, kabla hujalipa ada ya mwakani, nenda kaulize chuoni: mwanangu mnamfundisha kufaulu au kufanya kazi? Wakikosa jibu, usiondoke.