UCHAMBUZI: Nairobi hadi New York, safari isiyopimwa kwa kilomita pekee

UMBALI kati ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,850. Umbali huo haubadiliki. Hata hivyo, ndege itokayo Nairobi huchukua saa 15 hivi kufika, ilhali irudiyo hutumia saa 14.

Tofauti hiyo huletwa na upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, katika kimo kipitiwacho na ndege kubwa, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ndege iendayo Marekani hupambana nao. Irudiyo nyumbani husukumwa nao.

Rais Uhuru Kenyatta alipoizindua safari hiyo ya Kenya Airways mnamo Oktoba 28, 2018, Wakenya walikuwa na haki ya kufurahi. Awali, msafiri alilazimika kubadilisha ndege London, Amsterdam au Dubai, na saa nyingi zikapotea katika kungoja. Isitoshe, Marekani ndiyo inayoongoza kwa fedha ambazo Wakenya walio ng'ambo hutuma nyumbani.

Lakini fahari hailipii mafuta. Wakati wa uzinduzi ilielezwa kwamba safari hiyo ingehitaji tani 85 za mafuta kila upande, marubani wanne na wahudumu 12. Ndege ya Boeing 787-8 hairuhusiwi kupaa ikiwa na uzani unaozidi tani 228 hivi. Kwa hivyo, zaidi ya thuluthi moja ya uzani huo ni mafuta matupu.

Hapo ndipo kimo cha Nairobi kinapotutatiza. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini hupungukiwa na nguvu, nayo mabawa hayapati msukumo wa kutosha, hasa wakati wa joto. Kupaa usiku, kukiwa na ubaridi, husaidia kiasi. Ikibidi uzani upunguzwe, mafuta hayawezi kuguswa kwa sababu safari ni ndefu. Huachwa shehena, au viti hubaki vitupu, na mapato hupotea.

Majirani zetu Waethiopia, ambao uwanja wao wa Addis Ababa uko juu zaidi, kwa mita 2,300 na ushei, walichagua njia nyingine. Kwa miaka mingi ndege zao ziendazo Washington zimekuwa zikitua njiani, kama vile Dublin au Lomé, kutia mafuta, kisha hurejea Addis Ababa moja kwa moja. Kule Lomé huchukua pia abiria wa Afrika Magharibi. Mwenda pole hajikwai.

Hatusemi kwamba Kenya iige mfano huo bila kupiga hesabu. Kituo cha njiani huongeza ada za kutua na kumchosha abiria, na huenda akarudia mashirika ya Ulaya na Ghuba.

Tunalosema ni kwamba uamuzi utokane na hesabu, wala si na fahari. Serikali inamiliki asilimia 48.9 ya hisa za shirika hilo, na mlipa kodi amelibeba mara kadha. Ana haki ya kuonyeshwa mapato na gharama za safari hii, ya kwenda kando na ya kurudi, pamoja na uzani wa shehena iliyoachwa Nairobi. Bila takwimu hizo, atazidi kulipia safari asiyojua faida wala hasara yake.